Gelai ilipopasuka chini kwa chini: namna volkano jirani zinavyosukumana

Tarehe 17 Julai 2007 majengo ya Nairobi yalitikisika na watu wakamiminika nje ya ofisi. Arusha nayo ilitetemeka. Kando ya Ziwa Natron, kaskazini mwa Tanzania, ardhi ilikuwa na siku tano ikicheza. Wengi walinyooshea kidole Ol Doinyo Lengai, mlima ambao Wamasai wanauita Mlima wa Mungu, kwa kuwa ndio volkano hai inayojulikana upande ule. Kidole kilikosea mlima. Tetemeko hilo, lenye ukubwa wa 5.9, lilitokea chini ya Gelai, volkano iliyotulia kaskazini-mashariki ya Lengai. Kilele cha mmoja hadi cha mwingine ni kama kilomita 25.

Wiki saba baadaye, tarehe 4 Septemba, Lengai ikaanza kurusha majivu. Haikuwa ile lava yake nyeusi, nyepesi kama oili chafu, inayotoka ikiwa na joto la nyuzi 500 hadi 600 tu na kugeuka nyeupe ikikutana na unyevu. Safari hii ilikuwa milipuko ya kweli, ya aina ambayo haikuwa imeonekana pale tangu 1966 na 1967, na iliendelea hadi mwaka uliofuata.

Je, Gelai ndiyo iliyoiamsha Lengai? Hakuna bomba linalojulikana kuunganisha milima hiyo miwili. Kilichopo kati yao ni mwamba, na mwamba hupokea msukumo upande mmoja na kuufikisha upande wa pili. Shida ni kwamba msukumo huo unaweza kuichochea volkano, na unaweza vilevile kuizuia.

Kabari ndani ya gogo

Tuanze na kilichotokea Gelai. Matetemeko yalianza tarehe 12 Julai. Picha za rada za setilaiti zilionyesha kwamba kwanza ufa mkubwa wa bonde uliteleza polepole, bila kishindo kinacholingana na umbali ulioteleza. Kisha magma, yaani mwamba ulioyeyuka, ikajipenyeza kwenye mwamba na kutengeneza ukuta wima uliosimama chini ya ardhi. Wataalamu wa miamba huuita ukuta wa namna hiyo daiki. Wa Gelai ulikuwa na urefu wa takriban kilomita 7 na unene wa zaidi ya mita 2. Juu yake ardhi ilididimia na mipasuko ikaonekana kwa macho. Magma yenyewe haikufika juu: ilikwama chini na kuganda.

Aliyewahi kupasua gogo kwa kabari anajua daiki inavyofanya kazi. Kabari ikigongwa ndani, mbao zilizo ubavuni mwake hubanwa, huku zilizo mbele ya ncha zikivutwa huku na huku hadi zipasuke. Gogo ni lilelile na pigo ni lilelile, lakini matokeo yanategemea umesimama wapi. Daiki nayo ni hivyo. Miamba iliyo kwenye mbavu zake hubanwa, na miamba iliyo mbele ya ncha zake mbili hutanuliwa. Volkano jirani iliyo mbele ya ncha hupokea kinyume cha kile inachopokea iliyo ubavuni.

Lengai iko magharibi ya daiki ya Gelai, ubavuni zaidi kuliko nchani. Kwa hiyo chemba yake, yaani ghala la magma lililo chini ya mlima, ilitarajiwa kubanwa. Je, kubanwa ni kuchochewa au kuzuiwa? Mambo mawili hutokea kwa pamoja na hugombana. Chemba ikibanwa, presha ya magma iliyo ndani hupanda, na hilo huisukuma magma kutafuta njia ya kutoka. Lakini mwamba ulio juu ya chemba nao umebanwa, na nyufa ambazo magma ingepitia zinajifunga. Volkano ikitanuliwa, mambo hugeuka: nyufa hufunguka, lakini presha ya chemba hushuka. Tena kushuka kwa presha kuna ubishi wake. Magma ni kama soda ndani ya chupa. Ukilegeza kizibo, gesi iliyoyeyuka huanza kutoa mapovu, mapovu huongeza ujazo, na presha iliyokuwa imeshuka inaweza kurudi juu.

Anayesema tu kwamba volkano fulani "imeongezewa mkazo" hajasema kitu bado. Lazima ataje mkazo gani, mahali gani: kwenye kuta za chemba, kwenye njia ya kupandia au kwenye magma yenyewe. Majibu hayo matatu yanaweza kupingana ndani ya mlima mmoja.

Hesabu ya bar

Msukumo wenyewe ni mkubwa kiasi gani? Tuchukue daiki ya mfano inayofanana na ya Gelai: urefu kilomita 7, kimo chini ya ardhi kilomita 5, unene mita 2. Zidisha, unapata mita za ujazo milioni 70. Hicho ndicho kiasi cha mwamba kilicholazimika kupisha. Ugumu wa mwamba wa kawaida wa ganda la dunia ni karibu gigapaskali 30, yaani bar 300,000; bar ni kipimo cha presha. Ukipiga hesabu kwa makadirio, kilomita 15 kutoka kwenye daiki hiyo mkazo unabadilika kwa kama bar 1. Hiyo ni nusu ya upepo unaojazwa kwenye tairi la gari dogo.

Ukienda mbali zaidi, unapungua haraka. Mara ukishaondoka karibu na daiki, mkazo wa kudumu hupungua kwa umbali uliozidishwa mara tatu kwa wenyewe: umbali ukiongezeka maradufu, mkazo unabaki sehemu moja ya nane. Kwa hiyo kilomita 30 kutoka kwenye daiki yetu unapata bar 0.12 hivi. Kilomita 60, bar 0.015, kiwango ambacho mwezi na jua hukipitisha kwenye miamba kila siku kwa mvuto uleule unaoleta maji kujaa na kupwa. Ukifika hapo, kumtuhumu jirani ni kazi bure.

Sasa linganisha bar 1 na kinachohitajika. Kilomita 5 chini ya ardhi, uzito wa miamba iliyo juu peke yake ni kama bar 1,300. Ili magma ipasue ukuta wa chemba na kuanza kupanda, presha yake lazima iuzidi uzito huo kwa kati ya bar 10 na 100. Bar 1 kutoka kwa jirani haiwezi kuijaza chemba tupu. Inachoweza ni kuimalizia chemba iliyobakiza bar 1. Embe bivu huangushwa na upepo, bichi hupeperushwa na kubaki mtini.

Hapo ndipo kesi ya Lengai inapokuwa ngumu. Mwishoni mwa Machi 2006, mwaka mmoja na zaidi kabla ya Gelai kutikisika, Lengai ilikuwa imetoa mmiminiko mkubwa wa lava kuliko ilivyozoea. Majivu ya Septemba 2007 nayo yalionyesha mchanganyiko: magma mpya ya aina nyingine, yenye silika zaidi, ilikuwa imepanda na kukutana na ile ya kabonati, inayotoa lava nyeusi ya kawaida, iliyokuwa juu. Mlima ulikuwa na shughuli zake kabla jirani hajagonga ukuta. Ninavyoona mimi, hukumu iliyo salama ni kwamba Gelai iliharakisha jambo lililokuwa njiani. Wiki saba zilizopita kati ya matukio hayo hazithibitishi zaidi ya hapo.

Wakati jirani anaposukumwa na halipuki

Makosa mengi katika mada hii huanzia kwenye kuchagua mifano. Volkano mbili zikilipuka karibu karibu, zinaandikwa habari. Volkano moja ikivimba na jirani yake asishtuke, hakuna anayeandika. Ndiyo maana Bonde la Ufa la Kenya lina thamani kubwa kwa wachunguzi, kwani pale volkano zimejipanga kwenye mstari, zikiachana kwa kilomita 20 au 30.

Rada za setilaiti zimeonyesha haya. Kati ya 1997 na 2000 Suswa na Menengai zilididimia kwa sentimita 2 hadi 5. Kati ya 2004 na 2006 Longonot ilivimba kwa kama sentimita 9. Kisha 2006 hadi 2007 Paka, kule Baringo, ikainuka kwa kama sentimita 21 ndani ya miezi tisa. Longonot iko chini ya kilomita 30 kutoka Suswa. Paka ina Korosi kusini yake na Silali kaskazini, zote ndani ya umbali kama huo. Kila mlima ulipanda na kushuka kwa saa yake. Hakukuwa na msafara wa mmoja kumwambukiza mwingine, na hakuna uliolipuka.

Sababu moja ni umbali, kwani chemba inayovimba kwa sentimita chache juu ya ardhi husukuma kidogo kuliko daiki. Sababu ya pili haitajwi sana. Chemba nyingi hazijajaa kimiminika kitupu. Ndani yake kuna uji mzito wa fuwele na magma, pamoja na mapovu ya gesi, na mapovu hubonyea. Chemba ya namna hiyo humeza msukumo kama godoro. Mfano wa kompyuta unaochukulia magma kuwa kitu kisichobonyea utakupa presha kubwa kuliko iliyopo, na utaona uhusiano usiokuwepo.

Kuna pia hali ya mkazo kuzima kabisa. Agosti 2014, kule Iceland, daiki ilitoka chini ya volkano ya Bárðarbunga na kutembea zaidi ya kilomita 45 hadi Holuhraun, ambako lava ilitoka kwa miezi sita. Ilipokuwa ikisogea, matetemeko madogo yaliongezeka kwenye nyufa za maeneo jirani. Ilipozidi kusogea, baadhi ya maeneo yaleyale yalinyamaza kimya. Nyufa zilizokuwa zimefunguliwa sasa zilikuwa zimebanwa. Watafiti huita hali hiyo kivuli cha mkazo. Huko huko, volkano ya Tungnafellsjökull, ambayo ina magma yake yenyewe, ilionyesha matetemeko zaidi lakini haikulipuka.

Mfano ulio wazi kuliko yote, kwa maoni yangu, uko Afar, Ethiopia. Septemba 2005 daiki yenye urefu wa kilomita 60 na unene uliofika mita 8 ilipasua bonde la Dabbahu. Hadi 2010 nyingine 13 zilifuata, fupi zaidi. Zilipochorwa kwenye ramani, ilionekana kwamba daiki mpya zilielekea kutokea pale ambapo zilizotangulia zilikuwa zimeongeza mkazo wa kutanua, yaani mbele ya ncha au kwenye mapengo ambako daiki ya kwanza haikufungua ardhi sana. Hapo kuna majaribio 14 mahali pamoja, ambayo ni mbali na kuokota visa viwili kutoka mabara mawili.

Bomba au mwamba?

Kabla ya kuulaumu mwamba, hakikisha hakuna bomba. Juni 1912, Alaska, kilele cha mlima Katmai kiliporomoka na kuacha shimo kubwa. Lakini magma ilikuwa imetokea Novarupta, kilomita 10 pembeni. Hapo hapakuwa na kusukumana: magma ya chini ya mlima mmoja ilihamia kwenye mdomo mwingine na paa la kwanza likabomoka.

Kipimo cha kutofautisha bomba na mwamba ni kemia ya lava. Mauna Loa na Kilauea za Hawaii zimeachana kwa kama kilomita 34, na lava zao zina alama tofauti za kemikali, kwa hiyo hazinywi kisima kimoja karibu na ardhi. Hata hivyo kuna nyakati zinaitikiana. Mei 2002 Mauna Loa ilianza kuvimba wakati uleule Kilauea ilipopata mmiminiko mpya. Desemba 2022 zilikuwa zikitoa lava pamoja, na zote zikakata karibu siku zilezile. Maelezo mojawapo ni kwamba chini kabisa ya ganda la dunia kuna tabaka lenye magma ndani ya vinyweleo vya mwamba. Presha husafiri humo bila magma yenyewe kufika upande wa pili.

Hapa kwetu swali hilohilo linahusu Virunga, safu ya volkano iliyo mashariki mwa Kongo karibu na jiji la Goma. Nyiragongo na Nyamulagira zimeachana kwa chini ya kilomita 15, na anayekaa Goma anaona mianga ya zote mbili usiku. Lava zao ni tofauti: ya Nyiragongo ina silika kidogo sana na hukimbia kama maji mtelemkoni, ya Nyamulagira ni ya aina nyingine ya basalti. Zina vyanzo vyao. Nyamulagira ililipuka Februari 2001, Nyiragongo ikapasuka ubavu tarehe 17 Januari 2002 na kuingiza lava katikati ya Goma, Nyamulagira ikarudia Julai mwaka huohuo. Mpangilio huo unavutia macho. Lakini kumbuka kwamba Nyamulagira kwa miongo mingi ilikuwa ikilipuka kila baada ya miaka michache. Mlima unaolipuka mara nyingi hivyo utakuwa karibu na tarehe ya tukio lolote utakalotaja. Na tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ilipopasuka tena, daiki yake ikapita kusini chini ya jiji hadi chini ya Ziwa Kivu na ardhi ikatikisika kwa siku kadhaa. Kwa watu wa Goma, mwelekeo wa daiki hiyo ulikuwa na uzito kuliko swali la Nyamulagira itafanya nini.

Kuna njia ya tatu, ya mtikisiko unaopita. Mawimbi ya tetemeko kubwa husafiri mbali kuliko mkazo wa kudumu, yakiminya na kulegeza mwamba kwa sekunde chache kila mara. Chile, Mei 1960, volkano ya Cordón Caulle ilianza kulipuka saa 38 baada ya tetemeko la ukubwa wa 9.5. Matetemeko ya namna hiyo ni adimu. Na baada ya makubwa mengine mawili, la Chile 2010 na la Japani 2011, kilichoonekana kwa setilaiti ni maeneo ya volkano kudidimia, mengine kwa sentimita 15 hivi.

Uhusiano unavyopimwa, na unapokosewa

Hatua ya kwanza ni kupata umbo la chanzo. Setilaiti ya rada hupiga picha ya eneo mara mbili, na kompyuta hutoa tofauti ya umbali. Matokeo huja kama duara za rangi zilizopangana. Kwa rada yenye wimbi la sentimita 5.6, kila duara moja ni ardhi iliyosogea sentimita 2.8 kuelekea au kutoka kwenye setilaiti. Unahesabu duara, kisha unatafuta daiki ya urefu, kina na unene gani ingezaa picha hiyo. Hapo ndipo unapopiga hesabu ya mkazo chini ya jirani.

Kosa la kwanza ni hewa. Mvuke wa maji huchelewesha rada, na juu ya mlima mrefu mvuke ni mchache kuliko bondeni. Tofauti hiyo hutoa duara zinazouzunguka mlima vizuri kabisa, kana kwamba umevimba. Uvimbe huo wa uongo unaweza kufika sentimita kadhaa, ukubwa uleule wa mabadiliko ya Suswa. Dawa yake ni kulinganisha jozi nyingi za picha, kwa kuwa hewa hubadilika siku hadi siku na uvimbe wa kweli hubaki. Kosa la pili ni misitu. Kwenye Natron pakavu picha hutoka safi. Kwenye miteremko ya Virunga yenye miti minene, majani hubadilika kati ya picha na picha na duara huvurugika.

La tatu ni muda. Setilaiti ya Ulaya iliyofanya kazi wakati wa Gelai, Envisat, ilirudi mahali pamoja kila siku 35. Utelezi wa ufa, tetemeko na daiki vilivyofuatana ndani ya siku chache vinaweza kuangukia jozi moja, na kuvitenganisha kukahitaji kumbukumbu za matetemeko. Sentinel-1 hurudi kila siku 12, au chini ya hapo zikiwa mbili.

Kwa sababu hiyo vipokezi vya GPS vilivyofungwa ardhini vina thamani yake, kwani husoma bila kungoja setilaiti ipite na kuonyesha siku mlima ulipoanza kuinuka. Tangu 2016 Lengai imezungukwa na mtandao wa vipokezi hivyo uitwao TZVOLCANO, unaohusisha Chuo Kikuu Ardhi. Kuanzia Machi 2022 mtandao huo ulinasa Lengai ikiinuka kwa kasi kwa miezi kadhaa, kisha ikaendelea kuinuka polepole mwaka uliofuata. Safari hiyo Gelai haikuwa imetangulia na lolote linalofanana na lile la Julai 2007.